SOMO LA WANACHAMA: JINSI YA KUMTAMBUA WAKALA WA UONGO WA KAZI ZA KUFUNDISHA KIINGEREZA NG'AMBO



Somo letu la safari hii linahusu kazi za ualimu wa Kiingereza katika nchi za ng'ambo. Tumelichagua kwa sababu matangazo ya kazi hizo yanafika hadi kwetu Midia. Yanaingia kwa simu, yanapita kutoka kijana hadi kijana, na kabla wazazi hawajajua, ng'ombe ameuzwa. Tunaomba somo lisomwe kwa sauti katika mkutano wa tawi, na wasiokielewa Kiswahili vizuri waelezwe kwa Kikakwa, Kilugbara au Kinubi.

1. Kwa nini watu wetu wanataka kwenda

Watu wa West Nile hawakuanza jana kuifuata kazi mbali. Wakati wa ukoloni wilaya yetu ilifanywa ghala la vibarua. Waandikishaji walikuja kuchukua vijana kwa ajili ya mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na wengine waliingizwa jeshini. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, walimu wengi wa Uganda walivuka kwenda kufundisha Yei na Juba, maana upande ule Kiingereza kilikuwa kinachukua nafasi kubwa mashuleni. Kutoka Koboko hadi mpakani Oraba, ukavuka Kaya, si safari ya ndege. Vita vilipozuka Juba Julai 2016, wengi walirudi mikono mitupu.

Hapa nyumbani nako hali inajulikana. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii katika sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa hawakupata nyongeza hiyo, na Juni mwaka huo huo chama cha walimu, UNATU, kiliitisha mgomo. Basi mwalimu wa Kiingereza akisikia kwamba Asia wanamtaka, kwa nini asisikilize?

Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Kutafuta kazi si kosa, na anayetafuta kazi si mjinga. Mwenye kosa ni yule anayemgeuza mtafuta kazi kuwa bidhaa.

2. Mawakala wa uongo ni wa aina mbili

Wa aina ya kwanza anataka fedha yako. Atadai ada ya fomu, kisha ya daktari, kisha ya viza, kisha ya "kuharakisha". Kila ukilipa, linazuka jambo jingine. Siku ya safari simu yake haipatikani. Huyu tunamjua, na watu wengi sasa wanamwogopa.

Wa aina ya pili hatujamjua vya kutosha. Huyu mara nyingi haombi fedha nyingi, na pengine haombi hata senti. Anasema tiketi atalipa yeye, chakula bure, nyumba bure. Mtafuta kazi anajiambia: "Mwizi angeniomba fedha, huyu haniombi, basi ni mkweli." Hapo ndipo anaponaswa. Wa kwanza anakula mali yako. Wa pili anakuuza wewe mwenyewe, na ile tiketi inageuka kuwa deni utakalodaiwa ukiwa umefungiwa ndani.

Tena wakala huyu si lazima awe mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Anaweza kuwa jamaa, au mliyesoma naye darasa moja. Wapo watu waliokwisha kunaswa huko, wakaamriwa na waliowashika waandikie rafiki zao nyumbani: "Njoo, kazi ni nzuri." Barua ya rafiki si ushahidi, maana hujui nani amesimama nyuma yake wakati anaandika.

3. Yaliyotokea Myanmar

Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaonya raia wake juu ya kazi za uongo za Thailand. Vijana waliahidiwa kazi nzuri, nyingine za kufundisha Kiingereza, nyingine za ofisini au za biashara. Walipofika Bangkok walipandishwa gari kuelekea kaskazini-magharibi, kilomita zipatazo 500, hadi mji wa Mae Sot. Pale pana mto unaoitwa Moei. Ng'ambo ya mto ni Myawaddy, nchi ya Myanmar. Walivushwa, wakanyang'anywa pasipoti, wakaingizwa katika majumba yenye kuta na walinzi wenye bunduki.

Kazi waliyopewa ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta usiku na mchana, kuwaandikia watu wa Marekani, Ulaya na kwingineko, kujifanya marafiki au wachumba, na kuwatapeli fedha zao. Aliyekataa alipigwa. Aliyetaka kuondoka alidaiwa fidia ya maelfu ya dola. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mwalimu wa Kiingereza anatafutwa sana. Wanakitaka kweli Kiingereza chake, lakini si kwa ajili ya watoto wa shule.

Jambo hili si dogo. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli huo. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa unakwenda upande ule, na watu zaidi ya 7,000 wakatolewa katika majumba ya eneo la Myawaddy. Miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na raia wa Uganda. Wengi walikaa majuma mengi wakingoja njia ya kurudi kwao.

4. Viza ndiyo inayosema kweli

Maneno ya wakala yanaweza kupambwa. Viza haipambiki. Kila nchi ina sheria inayosema nani anaruhusiwa kufundisha, na mwanachama akiijua sheria hiyo hadanganyiki kwa urahisi.

(a) Korea Kusini: viza ya mwalimu wa Kiingereza, inayoitwa E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uganda haimo.

(b) China: kwa kawaida mwalimu wa lugha ya kigeni hutakiwa awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ni ya kuzaliwa nayo, awe na digrii, na awe amefanya kazi miaka 2. Nafasi za nje ya kanuni hiyo ni chache. Viza ya kazi ina herufi Z. Viza yenye herufi L ni ya matembezi, M ni ya biashara, X ni ya masomo.

(c) Thailand: mlango upo kwa watu wa mataifa mengine, lakini ni mwembamba. Hutakiwa digrii, cheti cha mtihani wa Kiingereza, ruhusa ya Baraza la Walimu la nchi ile, viza ya kazi iitwayo Non-Immigrant B, na baadaye kibali cha kazi. Shule yenyewe ndiyo inayotoa karatasi za kuombea viza hiyo.

Sasa tufikiri. Wakala anayekwambia, "Nenda kwanza na viza ya matembezi, mengine utayapata hukohuko," anakufanya uvunje sheria tangu siku ya kwanza. Hilo linamfaa sana. Mfanyakazi asiye na karatasi hawezi kwenda polisi, hawezi kudai mshahara, hawezi kujiunga na chama. Ukilalamika, atakutishia kukushtaki wewe. Hiyo ndiyo mbinu yao kubwa: kukuondolea haki kabla hujaanza kazi.

5. Tulisome tangazo pamoja

Tangazo hili tumelitunga wenyewe kwa ajili ya somo, lakini linafanana na yale mnayoyaona kwenye simu:

"WALIMU WA KIINGEREZA WANATAKIWA HARAKA, THAILAND. Umri 20 hadi 35. Elimu yoyote, mradi unajua Kiingereza na kompyuta. Mshahara dola 1,500. Nyumba, chakula na tiketi bure. Viza ya kazi utapata ukifika. Nafasi 10 tu, safari wiki ijayo. Andika kwa WhatsApp. Usimwambie mtu mpaka umepata."

"Elimu yoyote": tumekwisha kuona kwamba Thailand inataka digrii na ruhusa. Shule gani itamkabidhi watoto mtu wa elimu yoyote?

"Na kompyuta": mwalimu wa watoto huulizwa vyeti na uzoefu wake wa darasani. Anayeulizwa kuhusu kompyuta tu anatafutwa kwa kazi nyingine.

"Dola 1,500": mshahara upi, na unalipwa na nani? Jina la shule halipo, wala mji. Shule ya Thailand huwalipa walimu wake kwa baht, fedha ya nchi ile.

"Safari wiki ijayo": karatasi za kweli haziishi kwa wiki. Haraka hiyo ni ya kukuzuia usiulize. Haraka haraka haina baraka.

"Usimwambie mtu": neno hili peke yake latosha. Mwajiri halali haogopi baba yako, wala mwalimu wako mkuu, wala chama chako.

6. Mambo ya kufanya kabla ya kutoa shilingi au pasipoti

Kwanza, uliza leseni. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni za mwaka 2021 za kuwaajiri Waganda nje ya nchi, kampuni ya kupeleka watu ng'ambo ni lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wizara inayo orodha ya kampuni hizo. Angalia kama leseni haijakwisha muda. Angalia pia kama wizara imekubali nafasi hizo za kazi, za nchi ile unayotajiwa. Wako wanaoazima jina la kampuni ya kweli kwa kazi ya uongo. Usiyeweza kufika Kampala, nenda kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya.

Pili, itafute shule mwenyewe. Usitumie namba uliyopewa na wakala. Tafuta namba ya shule kwa njia nyingine, piga, uliza kama wanamjua wakala huyo na kama wana nafasi.

Tatu, taka mkataba ulioandikwa, wenye jina la shule, mji, saa za kazi, mshahara, likizo, na nani atalipa nauli ya kurudi. Usome kabla ya kuondoka, siyo uwanja wa ndege. Nakala ibaki nyumbani.

Nne, fahamu suala la ada. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi. Popote utakapodaiwa gharama, dai risiti yenye jina la kampuni. Fedha iliyotumwa kwa simu kwa jina la mtu binafsi ni vigumu kuirudisha.

Tano, pasipoti ikae mkononi mwako. Nakala yake waachie familia na tawi, pamoja na viza, tiketi na jina la wakala.

Sita, patana na familia juu ya neno moja la siri litakalomaanisha "nina hatari", ili uweze kulitamka hata ukiwa unasikilizwa.

Saba, angalia njia. Umeambiwa shule iko Bangkok, na gari linakwenda Mae Sot: hilo si gari la shule. Paza sauti kwa polisi kabla ya mto. Ukishavuka, polisi wa Thailand hawana nguvu.

7. Kwa waliokwisha kwenda na waliorudi

Aliyerudi asifiche uso. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu inasema wazi kwamba hata kama mtu alikubali mwenyewe kusafiri, kukubali kwake hakumwokoi aliyemdanganya. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 15, na kosa likiwa zito zaidi linaweza kufikia kifungo cha maisha. Mahakama inaweza pia kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia. Uganda iliridhia mwaka 1963 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaokataza kazi ya kulazimishwa.

Tunza ujumbe wote wa simu, risiti na tiketi; huo ndio ushahidi. Peleka habari polisi na katika ofisi ya Wizara ya Mambo ya Ndani inayoshughulikia biashara hiyo. Aliyedanganywa akinyamaza kwa aibu, wakala anahamia kijiji cha pili.

Na sisi tuliobaki tusimcheke. Mtu akichekwa Midia leo, kesho mwenzake hatasema, na tangazo lile lile litapita tena.

Tunarudia neno la somo hili: usiamue peke yako. Wakala wa uongo anamtaka mtu mmoja mmoja, gizani. Leta karatasi tawini zisomwe na macho mengi. Ikiwa kazi ni ya kweli, haitaharibika kwa kuulizwa, na sisi tutakusindikiza kwa furaha.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini wakala asiyeomba fedha anaweza kuwa wa hatari kuliko anayeomba?
2. Mwenzenu ameonyeshwa viza ya China yenye herufi M, naye anakwenda kufundisha. Mtamwambia nini?
3. Nani katika tawi letu atapokea nakala za karatasi za wanaosafiri, na atazitunza wapi?
4. Tutafanya nini ili aliyerudi aweze kusema yaliyompata bila kuaibishwa?

Umoja ni nguvu.