Shule ya Usharika Mmoja Inapokuwa ya Sharika Nyingi: Namna ya Kubadili Jina Bila Kuwagawa Watu

Shule nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zilianza kwa nguvu za usharika mmoja. Muumini alitoa shamba, akina mama wakabeba mawe na maji, na minada ya mazao baada ya ibada ikanunua saruji na mabati. Miaka ikapita. Mabweni yakachakaa, wathibiti ubora wakataka maabara, mishahara ya walimu ikaanza kuchelewa, na usharika ukaona kwamba mzigo umeuzidi kimo. Sharika jirani zikaitwa kuushika pamoja.

Huo ni uamuzi wa busara. Lakini mara nyingi kinachowasha moto kikaoni si fedha, ni jina. Wageni huuliza kwa nini wachangie shule yenye jina la wenzao. Wenyeji huuliza kwa nini jina walilolitolea jasho lifutwe na watu waliofika jana. Wote wana haki ya kuuliza, na yapo ya kufanya ili maswali hayo yajibiwe bila mtu kuondoka amenuna. Makala haya yanawalenga wazee wa usharika, wachungaji, wajumbe wa bodi za shule na walimu wakuu walio katika hatua hiyo.

1. Umiliki kwanza, jina baadaye

Kosa kubwa ni kuanza na jina. Kamati hukaa, huchagua jina zuri, hutengeneza kibao kipya barabarani, kisha hugundua kwamba hati ya kiwanja, usajili wa shule na akaunti ya benki vyote bado ni vya mmiliki yule yule. Sharika mpya huchangia zikidhani ni wamiliki, kumbe kisheria ni wafadhili tu.

Basi anzeni kwa kutafuta majibu ya maswali matatu. Hati ya ardhi imeandikwa jina la nani? Mmiliki aliyesajiliwa Wizara ya Elimu ni nani? Nani anatia saini benki? Kwa kawaida mali ya usharika hushikwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, ambayo husimamiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ikiwa shule tayari iko mikononi mwa wadhamini wa dayosisi, huenda mmiliki wa kisheria asibadilike hata kidogo, na kinachobadilika ni nani anaongoza, nani anachangia na nani anaamua. Ikiwa ardhi bado ina jina la muumini aliyeitoa, au la familia yake, hilo limalizwe kabla ya neno lolote kuhusu jina. Mwoneni mwanasheria wa dayosisi mapema, mkiwa na nakala za nyaraka mkononi.

2. Andikeni makubaliano

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sharika zinazoshirikiana ziandike hati moja ya makubaliano, isomwe katika baraza la wazee la kila usharika, ipitishwe katika mkutano mkuu wa kila usharika, na ipelekwe jimboni na katika halmashauri kuu ya dayosisi kwa idhini. Hati hiyo ieleze angalau mambo haya:

- Kila usharika utachangia nini, lini, na itakuwaje ukishindwa.
- Madeni yaliyokuwepo kabla ya ushirika yatalipwa na nani.
- Bodi ya shule itakuwa na wajumbe wangapi kutoka kila usharika.
- Nani anamteua mkuu wa shule, na nani anamwajibisha.
- Usharika mpya utajiunga kwa masharti gani, na usharika ukijitoa utaondoka na nini.
- Jina ni mali ya nani, na itakuwaje ushirika ukivunjika.

Kipengele hicho cha mwisho husahaulika kwa sababu hakuna anayependa kutaja talaka siku ya harusi. Lakini Walutheri wa Milwaukee, Marekani, wana la kutufundisha. Mwaka 1903 ilianzishwa huko shule ya sekondari ya Kilutheri iliyotegemezwa na sharika za sinodi mbili, Missouri na Wisconsin. Sinodi hizo zilipotofautiana katika mafundisho, miaka ya 1950, shule ilizaa mbili: Milwaukee Lutheran na Wisconsin Lutheran, na kila moja huhesabu umri wake tangu mwaka ule ule wa 1903. Kama watu wa imani moja waliweza kufika huko, si dharau kuandika mapema nani atabaki na jina, nani na majengo, nani na kumbukumbu za wanafunzi.

3. Mheshimuni aliyeanzisha

Usharika mwanzilishi haupotezi jina tu, unatoa kitu chake kwa wengine. Kikao kikilichukulia jambo hilo kama urasimu, wazee watanyamaza kikaoni na kuongea nje, na maneno ya nje ndiyo huvunja ushirika.

Heshima ionekane kwa macho. Jina la zamani linaweza kupewa bwalo, maktaba au bweni la kwanza. Jiwe la msingi la asili libaki lilipo, maandishi yake yasiguswe. Historia fupi ya waanzilishi iandikwe wakati wazee wangali hai kuisimulia, na iwekwe kwenye fomu za kujiunga ili kila mzazi mpya aisome. Familia iliyotoa ardhi itembelewe nyumbani na mchungaji pamoja na wazee, iambiwe kabla ya tangazo, si baada yake.

4. Chagueni aina ya jina kabla ya jina lenyewe

Vikao hupoteza muda kubishania majina kumi na matano. Kubalianeni kwanza juu ya aina.

*Jina la mahali.* Hili hudumu kuliko wamiliki. Ilboru ya Arusha ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri, serikali ikaichukua, na jina likabaki kwa sababu lilikuwa la mahali. Pugu nayo, iliyokuwa St. Francis, iliishia kuitwa kwa jina la mahali pake. Chagueni mahali panapozijumuisha sharika zote: mto, mlima, tarafa. Kijiji cha usharika mmoja kitarudisha ugomvi ule ule.

*Jina la mtu.* Kanisa letu limefanya hivi kwa heshima: Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa KKKT, Sebastian Kolowa aliyemfuata, na Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, wote vyuo vilipewa majina yao. Angalieni kwamba ni watu waliokwisha kumaliza safari, na ambao utumishi wao ulivuka mipaka ya usharika mmoja. Msiiite shule kwa jina la mtu aliye hai, hata awe mfadhili mkubwa. Mtu aliye hai anaweza kugombana nanyi kesho.

*Jina la imani au fadhila.* Tumaini ni mfano bora tulio nao. Chuo Kikuu cha Tumaini kilipoanzishwa miaka ya 1990 kiliunganisha Makumira, Iringa na KCMC ya Moshi chini ya jina ambalo halikuwa la dayosisi yoyote, kwa hiyo lilikuwa la wote. Iringa iliposimama peke yake mwaka 2013, ikawa Chuo Kikuu cha Iringa, na Makumira ikaendelea na Tumaini. Udhaifu wa aina hii ni kwamba majina kama Tumaini, Faraja, Agape na Ebeneza yametumika mno. Yaunganisheni na jina la mahali.

Kisha kuna neno *Kilutheri*. Wapo watakaotaka liondolewe ili wazazi wa madhehebu na dini nyingine wasiogope. Nasema libaki. Jina la usharika ni la usharika mmoja, jina la kijiji ni la kijiji kimoja, lakini Kilutheri ni neno ambalo kila usharika ulioingia katika ushirika unalimiliki sawa na mwenzake. Wazazi Waislamu na Wakatoliki wamekuwa wakileta watoto kwetu miaka yote kwa sababu ya nidhamu, walimu na matokeo ya mitihani, na watu wanaojitambulisha waziwazi huaminika zaidi.

5. Amueni kwa njia ambayo mnyonge ataikubali

Michango inaweza kutofautiana, hisa katika uendeshaji zinaweza kutofautiana, lakini katika jina kila usharika uwe na kura moja. Usharika mdogo wa milimani ukishindwa kwa wingi wa fedha za usharika wa mjini, utatoa mchango wa mwaka wa kwanza na kukoma.

Kamati ipokee mapendekezo kutoka sharika zote, walimu, wanafunzi, wazazi na wahitimu, iyachuje yabaki matatu, ihakikishe hakuna shule nyingine iliyosajiliwa kwa majina hayo, kisha iyarudishe kwenye mabaraza ya wazee. Kila jina liulizwe: mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulitamka na kuliandika? Kifupisho chake kina maana mbaya? Lina tusi au utani kwa lugha ya kabila la eneo hili? Mazungumzo na serikali ya kijiji au mtaa yafanyike hapa pia, kwani shule ni ya jirani kabla haijawa ya wizara. Uamuzi wa mwisho upigiwe kura ya siri na kuandikwa katika muhtasari uliosainiwa.

6. Pelekeni serikalini kwa mpangilio

Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, shule husajiliwa na Kamishna wa Elimu, na mmiliki na meneja wake hutambuliwa kisheria. Kubadili jina ni ombi moja, kubadili mmiliki au meneja ni ombi lingine. Msiyachanganye katika barua moja mkitumaini wizara itaelewa. Anzieni ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya na ofisi ya elimu ya halmashauri, ombeni orodha ya viambatisho vinavyotakiwa wakati huo, na muwe tayari na mihtasari, barua ya wadhamini, hati ya ardhi na cheti cha usajili cha zamani.

Baraza la Mitihani liandikiwe mapema, na jibu kuhusu namba ya kituo cha mtihani lipatikane kwa maandishi. Watahiniwa waliokwisha kusajiliwa kwa jina la zamani wasivurugwe. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, kwa hiyo wakati unaofaa kuanza kutumia jina jipya ni Januari, mwaka wa masomo unapoanza. Kibali kikichelewa, subirini Januari inayofuata. Kibao kisimame baada ya barua ya Kamishna kufika, si kabla.

7. Fedha, ajira na sare

Wajulisheni TRA, NSSF na benki. Mmiliki akibaki yule yule, kazi ni kurekebisha taarifa. Mmiliki akibadilika, ulizeni kila ofisi kama usajili mpya unahitajika. Walimu na wafanyakazi wapewe barua inayosema waziwazi kwamba miaka yao ya utumishi na haki zao zinaendelea. Mwalimu asiyejua mwajiri wake ni nani huanza kutafuta kazi kwingine.

Kuhusu ada, kuweni macho. Kipindi cha jina jipya ndicho matapeli hutuma ujumbe wa simu wenye namba ya akaunti mpya. Namba ya akaunti itolewe kwa barua yenye mhuri na isomwe kanisani, si kwa ujumbe wa simu peke yake.

Bajeti ianze na vitu vyenye nguvu ya kisheria: mhuri, vitabu vya risiti, karatasi zenye nembo, kibao. Rangi ya basi inaweza kusubiri. Sare zisibadilishwe kwa mkupuo. Wanafunzi wapya wavae beji mpya, wa zamani wamalize na sweta walizonazo. Mzazi aliyenunua sweta Januari asilipishwe nyingine Juni kwa sababu kamati imepata jina.

8. Tangazeni siku moja, kwa maneno mamoja

Tangazo liandikwe na kamati na lisomwe Jumapili moja katika sharika zote, neno kwa neno. Sharika rafiki za Ujerumani au Marekani, kama mnazo, ziandikiwe kabla, maana mikataba yao ya ufadhili inataja jina la zamani. Kwa mwaka mmoja au miwili barua za shule ziandike jina jipya na chini yake jina la zamani.

Wahitimu wasisahauliwe. Vyeti walivyokwisha kupewa vinabaki na jina la wakati wao, na msiwaahidi vingine. Ofisi ya mkuu wa shule iwe na barua rasmi inayothibitisha kwamba majina mawili ni ya shule moja, itolewe bure kwa kila mhitimu atakayeihitaji kwa ajira au masomo.

Ndugu wazee na wachungaji, jina jipya halitalipa mishahara wala kujenga maabara. Sharika zilizokubaliana kwa maandishi ndizo zitakazofanya hivyo. Nendeni kwanza mkaitafute hati ya kiwanja, mwiteni mwanasheria wa dayosisi, ketini na usharika mwanzilishi kwa unyenyekevu, kisha ndipo muulizane shule iitweje.