Kuwasilisha Utafiti wa Historia ya Uchumi: Mfano wa Karafuu za Zanzibar

Mtafiti wa historia ya uchumi na jamii aweza kukaa miaka mitatu akipekua nyaraka, kisha akafika mkutanoni na kupewa dakika 20 za kuzungumza. Wengi huzipoteza kwa kusoma makala yao neno kwa neno, na kengele ya mwenyekiti huwakuta wangali katika utangulizi. Lakini kosa lililo kubwa zaidi ni kuwaonyesha wasikilizaji hitimisho bila kuwaonyesha njia iliyolifikia. Mkutano wa kitaaluma ni mahali pa hoja kupimwa.

Mfano mzuri ni karafuu za Zanzibar. Kufikia katikati ya karne ya 19 bei yake ilikuwa imeporomoka, kwa kuwa mikarafuu ilipandwa kupita mahitaji ya soko. Katika miaka ya 1870 ikapanda tena. Mtafiti wa historia ya utumwa ataikumbuka mara moja tarehe 5 Juni, 1873, siku Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Uchumaji ulitegemea watumwa, watumwa wakaadimika, bei ikapanda. Hoja hiyo yavutia, na jedwali laonekana kuiunga mkono.

Hata hivyo, mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa cha Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Basi uhaba ulianza kabla ya mkataba, nao ungalikuwapo hata kama mkataba usingalitiwa sahihi. Jedwali lililopangwa kwa miaka kumi kumi haliwezi kutenganisha mambo hayo, kwani kimbunga na mkataba huangukia safu moja. Jedwali la mwaka kwa mwaka, tena lenye Unguja na Pemba mbalimbali, laweza. Asiyeliona hilo chumbani mwake ataonyeshwa mbele ya watu, pengine na mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa.

Hii haina maana kwamba mkataba haukuwa na athari. Bei nzuri iliwahimiza wenye mashamba wa Pemba kupanda zaidi, wakahitaji watu wakati uleule ambapo njia ya bahari ilifungwa kisheria. Magendo ya watumwa yakaendelea kuelekea huko. Hapo ndipo historia ya bei inapogeuka kuwa historia ya jamii, na hapo ndipo panapostahili nusu ya zile dakika 20.

Vipimo navyo vina mitego yake. Frasila ilikuwa yapata ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Fedha ilihesabiwa kwa riale ya Maria Theresa, ambayo hubeba mwaka 1780 hata ikiwa imechapwa karne moja baadaye, na pia kwa rupia ya Bara Hindi. Safu moja ikichanganya riale na rupia, mchoro wote huwa upuuzi. Aidha, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa wafanyabiashara, na mkodi hakuwa na haja ya kumtangazia Sultani faida yake yote. Takwimu hizo zatakiwa kulinganishwa na taarifa za mabalozi wadogo wa kigeni, ambao nao walikuwa na maslahi yao. Mchumaji wa karafuu mwenyewe haonekani sana katika maandishi hayo.

Maswali yaandikwe yote, hata yale yanayoudhi, kwani makala hayajakamilika siku ya kusomwa. Mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam Oktoba 1965. Kitabu cha makala yake, kilichohaririwa na T. O. Ranger, kilitoka mwaka 1968.