Ogelea Upate Afya, Si Balaa

Magoti yanauma ukikimbia? Mgongo umechoka kwa kuendesha boda boda au kuinama shambani? Jaribu kuogelea. Ukisimama kwenye maji yanayofika kifuani, maji hubeba zaidi ya nusu ya uzito wako. Viungo vinapata nafuu huku moyo, mapafu, mabega na mapaja yakichapa kazi. Ndiyo maana zoezi hili humfaa hata mzee, mtu mnene na mwenye maumivu ya viungo. Ila maji hayataki mzaha. Shika haya.

Chagua maji kwanza. Ukiwa Misikhu, kaunti ya Bungoma, mto uko karibu kuliko bwawa. Usishawishike. Mvua ikinyesha Cherang'any au Mlima Elgon, Mto Nzoia hujaa hata kama kwako jua linawaka. Kwenye maporomoko yake ya Nabuyole kuna mawe na mkondo mkali. Mashimo ya kuchimbia udongo nayo hujaa maji, na kina chake hakijulikani. Panda matatu hadi Bungoma au Kitale, tafuta hoteli yenye bwawa, ulipe kiingilio.

Epuka kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya ziwa, vidimbwi na mito inayotiririka polepole. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu, bila wewe kuhisi. Ufuo wa Ziwa Victoria unajulikana kwa ugonjwa huu. Kama umewahi kuogelea huko, nenda ukapimwe, hasa ukiona damu kwenye choo au mkojo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Usijinunulie kwa kubahatisha, kwa sababu kipimo chake hutegemea uzito wako.

Kagua bwawa kabla ya kuvua nguo. Simama upande wenye kina kirefu. Sakafu ikionekana vizuri, endelea. Maji yakiwa na ukungu au ukijani, rudi nyumbani. Harufu kali inayowasha macho isikudanganye kwamba bwawa ni safi. Mara nyingi hiyo ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Kwa hiyo oga kwa sabuni kabla ya kuingia, na uende msalani mapema.

Ongea na daktari ikiwa una tatizo. Mwenye kifafa asiogelee peke yake hata siku moja. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, pumu au mimba, uliza kwanza. Ukiwa na kidonda kibichi au unaharisha, subiri upone.

Anza na pumzi. Simama kwenye maji ya kifuani, ushike ukingo. Vuta hewa kwa mdomo. Zamisha uso. Toa hewa polepole kwa pua, viputo vitoke mfululizo ukihesabu hadi nne. Inua uso, vuta tena. Rudia mpaka uache kuhema. Kisha jifunze kuelea chali: masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu, mikono wazi. Ukichoka katikati ya bwawa, huko kuelea ndiko kutakuokoa.

Hesabu dakika, usihesabu mita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Siku 2 za bwawa, dakika 30 kila siku, zinakupa 60. Zilizobaki, tembea kwa haraka. Mwanzoni vuka bwawa mara moja, pumzika mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, kisha uvuke tena.

Badilisha mitindo. Kurusha mikono mbele kila siku huumiza mabega. Teke la mtindo wa chura husumbua goti upande wa ndani. Changanya, na uogelee chali pia. Usisahau kwamba maji yanayokubeba hayaipi mifupa mzigo. Panda vilima, beba vitu, chuchumaa na kuinuka, ili mifupa nayo ipate kazi.

Jikinge na baridi na radi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Maji ya asubuhi ni baridi, na misuli hukaza. Ruka ruka kidogo kwanza, uingie polepole, utoke ukianza kutetemeka. Mvua ya huku hupenda kuja alasiri pamoja na radi. Ukisikia ngurumo, toka mara moja. Usirudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Usiogelee peke yako. Nenda na mtu anayejua kuogelea. Usiguse busaa wala pombe yoyote kabla ya kuingia. Usishindane kubana pumzi chini ya maji, kwa maana mtu huzimia kimya kimya. Usiruke kichwa mbele mahali usipojua kina. Mtoto mdogo akae umbali wa mkono wako, na simu yako ikae kwenye mfuko.

Mtu akizama, usimrukie. Piga kelele, umtupie kamba, tawi refu au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko. Akitolewa akiwa hapumui, usimkamue tumbo. Mlaze chali, umpulizie hewa mdomoni, umkandamize kifua, huku mwingine akitafuta gari la hospitali.

Ukitoka, jihudumie. Suuza mwili na nywele kwa maji safi. Inamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, ili maji yatoke masikioni. Futa kwa ncha ya taulo, si kwa njiti ya kiberiti. Kunywa maji, kwa sababu bwawani pia unatoka jasho. Njaa ikikubana, kula ndizi na mayai badala ya chipsi, kama unataka kupunguza uzito.

Leo jioni mpigie rafiki anayejua kuogelea. Kubalianeni siku, saa na bwawa. Siku ya kwanza fanyeni pumzi na kuelea tu. Ukiyaweza hayo mawili, umeshaanza vizuri.