Kabla Hujasema Ndiyo kwa Mdogo Wako

Leo namjibu binti wa hapa Bugene, Karagwe, ana miaka 22. Mdogo wake mmoja ana miaka 11 na anaumwa sikoseli. Daktari amewaeleza kuwa Dodoma wanapandikiza uloto, na kwamba wa kuutoa hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu. Ananiandikia: "Mama ameshatangaza kwa ukoo mzima kuwa mimi ndiye nitakayetoa. Upande wa mchumba wangu wanasema nikitolewa uloto sitazaa. Dada, nifanyeje?"

Mdogo wangu, tuanze na hao wakwe watarajiwa, maana nadhani ndio wanaokunyima usingizi.

Uloto ni ule ute ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo chembe za damu zinamozaliwa. Uchukulie kama kitalu cha miche ya kahawa: ukihamisha sehemu ya miche, kitalu hakifi, kinaotesha mingine. Kwa mtu mzima kinachochukuliwa kwa kawaida hakizidi lita moja hivi, na mwili hukirudisha ndani ya wiki nne hadi sita. Sindano huingizwa nyuma ya mfupa wa nyonga. Uti wa mgongo hauguswi, na kizazi hakiguswi kabisa. Unapewa nusu kaputi, na kazi yenyewe huchukua kama saa moja au mbili. Ukizinduka nyonga itauma na utachoka kwa siku kadhaa, wengine hata wiki mbili. Siku hizo ndoo ya maji na mkungu wa ndizi wabebe wengine. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari yoyote. Nusu kaputi ina hatari zake, na kidonda kinaweza kuingia vijidudu, ingawa madhara makubwa ni nadra. Ndiyo maana utapimwa afya yako mwenyewe kwanza, na ukiwa mjamzito hawatakugusa.

Sasa tuje kwa mama. Ametangaza mapema mno. Kinachotafutwa hapa si kundi la damu. Ni alama zilizo juu ya chembe za mwili, ambazo nusu umezipata kwa baba na nusu kwa mama. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano wa kufanana kabisa ni asilimia 25. Maana yake, kwako wewe peke yako, kutofanana ndiko kunakotarajiwa zaidi. Kwa hiyo mpimwe ndugu wote wa tumbo moja, na mmoja asibebeshwe mzigo kwa sababu tu ni msichana au yuko nyumbani. Ndugu wa mama tofauti mara chache sana hufanana kiasi kinachotakiwa.

Ombeni pia majibu yatolewe faragha, kwa kila mtu peke yake. Vipimo hivi vinaweza kufichua kwamba fulani si mtoto wa baba aliyemlea, na nyumba haihitaji moto mwingine juu ya ugonjwa.

Utapimwa sikoseli pia. Mwenye ugonjwa hawezi kumtolea mwenzake, lakini aliyebeba kirithi kimoja tu bila kuumwa anaweza. Kwa kuwa mdogo wako anaumwa na wewe huumwi, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekibeba. Hapo mchumba wako naye aende akapime. Mkiwa nacho wote wawili, kila mimba itakuwa na asilimia 25 ya kupata mtoto mgonjwa. Wakwe wanaohofia uzazi wako wangeanza na kipimo hicho.

Sasa nisikilize kwa makini. Una haki ya kukataa, na haki hiyo ina wakati wake. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uloto wake wote, ili mpya upate nafasi. Dawa hizo zikishaanza, ukibadili mawazo unamwacha mtoto bila uloto wowote, na anaweza kufa. Kwa hiyo uliza maswali yako yote sasa, ogopa sasa, lia sasa. Omba uonane na daktari bila mama wala shangazi chumbani. Ukiona huwezi, mwambie daktari mapema. Ukisema ndiyo, iwe ndiyo yako mwenyewe. Na kama atakayefanana ni mdogo wenu mwingine wa miaka minane, naye aelezwe kwa lugha anayoielewa na asikilizwe. Umri wake usiwe sababu ya kumshika mkono tu na kumpeleka.

Kuhusu safari: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye sikoseli mwaka 2023, kwa uloto wa ndugu zao. Muhimbili walitangulia mwaka 2021, ila kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliorudishiwa chembe zao wenyewe. Anzeni kwa daktari anayemhudumia kijana, hata kama ni hapo Hospitali ya Nyakahanga, kwa kuwa rufaa huanzia kwake. Kutoka Omurushaka hadi Dodoma, kupitia Kahama, Nzega na Singida, si safari ya kwenda na kurudi kila wiki. Mgonjwa hukaa wodini kwa wiki kadhaa, kisha hufuatiliwa kwa karibu miezi mitatu au zaidi. Amueni nani atakaa naye na nani atabaki na shamba. Gharama ni mamilioni mengi, hivyo ulizeni kwa maandishi bima au hospitali itabeba kipi.

Mjue pia kwamba uloto mpya unaweza kukataliwa, au wenyewe ukaushambulia mwili wa kijana, na dawa zile zinaweza kumharibia uzazi wake baadaye. Hata hivyo, kwa mtoto aliyepata ndugu anayefanana, kwenye vituo vyenye uzoefu zaidi ya tisa kati ya kumi huishi. Huku mkisubiri, asiache haidroksiyurea kama ameandikiwa, alale kwenye chandarua na anywe maji ya kutosha.

Je, msipofanana wote? Duniani kuna orodha za watu waliojitolea kumpa uloto yeyote atakayefanana naye, jumla yao zaidi ya milioni 40. Waafrika humo ni wachache, na kwa kawaida mgonjwa hupata wa kufanana naye kwa watu wa asili yake. Afrika Kusini wana orodha yao tangu 1991, na Nigeria tangu 2012. Nyinyi watoto wa Karagwe na Kyerwa mlioko Ulaya na Marekani, mkiwa vijana na wenye afya, jiandikisheni huko mliko. Kinachotakiwa mwanzoni ni ute wa shavuni kwenye kijiti. Sisi tuliobaki tuchangie damu, maana aliyepandikizwa huihitaji sana kabla uloto mpya haujashika kazi.

Na wewe mama, kama unasomewa haya: najua unavyokesha. Rudi kwa ndugu uliowatangazia, uwaambie vipimo havijafanyika. Kisha mwite binti yako, umuulize anaogopa nini, umwache amalize kusema.

Dada yenu.