KIGARI CHA KUKUNJA NA SAFARI YA SOKONI

Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Pili hufundishwa habari za nyenzo. Mwalimu huchora ubao mrefu, jiwe na egemeo. Wanafunzi huiandika kanuni, huikariri, huijibu katika mtihani, kisha wengi wao huiacha pale pale darasani. Jumamosi ifuatayo mwanafunzi yule yule aliyepata alama nzuri hutumwa sokoni na mama yake, naye hurudi ameinama upande mmoja kama mnazi uliopigwa na upepo, vidole vimekatwa na mishikio ya mfuko. Makala hii yataka kuichukua kanuni ile na kuipeleka sokoni.

Chombo chetu ni kigari cha kukunja, ambacho siku hizi chauzwa katika maduka ya miji yetu. Kiko cha namna mbili. Cha kwanza kina magurudumu mawili, kibao kidogo cha chini, fremu ya chuma au bati jepesi, na mfuko au kikapu kilichofungwa juu yake. Huinamishwa kidogo na kuvutwa nyuma ya mtu. Uzito wake wenyewe ni kilo mbili au tatu. Cha pili kina magurudumu manne, nacho ni kama sanduku la turubai lililovikwa juu ya vyuma vilivyopishana mfano wa mkasi. Ukiuvuta ukanda ulio katikati ya sakafu yake, pande zote nne hukutana, na kigari husimama chembamba nyuma ya mlango. Hiki cha pili hubeba vingi, lakini chenyewe chaweza kufika kilo 10, na mwenye kupanda daladala hana budi kuzikumbuka kilo hizo.

Tuanze na hesabu ya nyumbani. Jamaa ya watu sita ikinunua unga kilo 10, mchele kilo 5, sukari kilo 2, viazi kilo 5, nyanya kilo 2, kabichi moja ya kilo moja na nusu, na mafuta ya kupikia lita 5 ambazo ni kilo 4 na nusu hivi, jumla yake ni kilo 30. Huo ndio uzito wa mzigo wa mpagazi wa misafara ya zamani, aliyetoka pwani na takriban frasila mbili kichwani au begani. Tofauti ni kwamba mpagazi alikuwa mtu mzima aliyeajiriwa kwa ujira, na huyu wetu ni msichana wa miaka kumi na minne.

Asidhani mtu kwamba wazee wetu walibeba kichwani kwa upumbavu. Njia zilikuwa nyembamba, mito haikuwa na madaraja, na katika sehemu nyingi mbung'o waliwaua ng'ombe na punda ambao wangevuta magari. Hata katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Wazungu katika nchi hizi yalitegemea vichwa na mabega ya Waafrika. Jina la Kariakoo, ambako wakazi wa Dar es Salaam huenda kununua mahitaji yao, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo. Na Nairobi nayo ina Kariokor yake. Wapagazi wengi mno walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Basi soko lenye jina la wabeba mizigo ni mahali pazuri pa kuuliza swali letu: mzigo wa nyumbani ubebwe na nini?

Kwanza tumtendee haki mwenye kubeba kichwani. Mwaka 1986 gazeti la sayansi la Nature lilitoa uchunguzi wa Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake. Waliwapima akina mama wa Kijaluo, waliozoea kubeba kichwani, na wa Kikikuyu, waliozoea kubeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Walipima hewa ya oksijeni iliyotumiwa na mwili wakati wa kutembea. Waliona kwamba mama aliyezoea aweza kubeba mzigo ufikao sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake bila kuongeza nguvu yo yote anayotumia. Mama wa kilo 60, basi, hubeba kilo 12 kama bure. Zikizidi hapo, gharama hupanda. Maarifa hayo ya mwendo, ambayo hawakuyasoma kitabuni, ni ya kustahiwa.

Lakini tusome kwa makini. Uchunguzi ule ulipima pumzi. Haukupima shingo, wala haukupima goti la bibi wa miaka sabini. Tena uliwahusu waliozoea tangu utoto. Mwanafunzi wa mjini ambaye hajapata kubeba ndoo kichwani asidai faida isiyo yake.

Kwa maoni yangu, mpaka uko hapo. Kwa kikapu cha kilo nane, na njia ya mchanga, kichwa na ngata ni bora kuliko kigari cho chote cha dukani. Kwa kilo 30 na njia ya lami au saruji, kigari hakina mshindani. Kati ya hapo mtu atumie akili, na akili hiyo ndiyo fizikia.

Gurudumu haliondoi uzito. Jambo hili wengi hulikosea. Kilo 30 ni kilo 30 hata zikiwa juu ya kigari. Kilichobadilika ni kwamba ardhi yazibeba badala ya shingo yako. Swali ni sehemu gani ya mzigo inarudi mkononi. (Nitasema kilo mahali pa nyutoni, na mwalimu wa fizikia atanivumilia.)

Tazama kigari cha magurudumu mawili. Ukikiinamisha ili ukivute, kimekuwa wenzo: egemeo ni ekseli, mzigo uko katikati, na mkono wako uko kwenye ncha ya mpini. Tuseme kutoka ekseli hadi mkono ni sentimita 100. Ukipanga vitu hata kitovu cha uzito kikawa sentimita 25 kutoka ekseli, mkono utachukua 30 mara 25 gawa kwa 100, yaani kilo 7 na nusu. Sasa mpe kigari hicho hicho mtu mwenye haraka, aweke nyanya na kabichi chini kwa sababu alizinunua kwanza, kisha unga na mafuta juu. Kitovu cha uzito kitapanda, tuseme mpaka sentimita 50, na mkono utachukua kilo 15. Vitu ni vile vile na bei ni ile ile, lakini kazi ya mkono imekuwa maradufu, nyanya zimekuwa mchuzi kabla ya kufika jikoni, na kigari chapinduka kwenye kona ya kwanza.

Kwa hiyo wa kununua kwanza si wa kupakia kwanza. Anza na duka la nafaka. Unga na mchele vilale chini kabisa, karibu na magurudumu; dumu la mafuta lisimame wima ubavuni mwake; viazi vifuate; nyanya, mayai na mchicha vikae juu. Mafuta ya taa na sabuni visikae pamoja na unga hata kidogo, maana unga hunywa harufu, na hakuna kanuni ya nyenzo itakayoitoa.

Anayetaka kumwona mwalimu hodari wa somo hili na aende kumtazama mtu wa mkokoteni. Huyapanga magunia mbele na nyuma ya ekseli, huinua mikono ya gari kidogo, hushusha, husogeza gunia moja shubiri mbili, hujaribu tena, mpaka mikono ile inakuwa myepesi kama fimbo. Hapo ameuleta uzito juu ya egemeo. Baadhi ya watu huuliza kama vigari vya kukunja vitamnyima riziki mtu huyu. Sioni hivyo. Hakuna kigari cha kukunja kitakachobeba magunia manne ya mahindi kupita katikati ya msongamano wa magari. Mzigo wa kigari chetu ni ule ambao hapo kwanza haukumwendea yeye, ulimwendea mama au binti.

Mkokoteni wafundisha jambo la pili. Kwa nini huwekewa magurudumu ya motokaa, na si madogo yaliyo rahisi kupata? Ni kwa sababu ya mashimo na mawe. Tuseme gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 limebeba kilo 10, likakutana na jiwe la kimo cha sentimita 2 na nusu. Ukilivuta sawasawa na ardhi, itakubidi uvute kwa kani ya kilo 17 hivi ndipo lipande. Gurudumu la sentimita 20, kwa mzigo ule ule na jiwe lile lile, hupanda kwa kilo 9 hivi. Na jiwe likifika nusu ya kipenyo, yaani sentimita 5 kwa gurudumu lile dogo, hata mvute watu kumi kwa usawa wa ardhi halitapanda. Ni lazima kuliinua. Vigari vingi vya dukani vina magurudumu madogo, maana vilifanyiwa sakafu laini. Mnunuzi asitazame rangi ya mfuko kwanza. Atazame gurudumu, alizungushe kwa kidole, na aulize kama lapatikana jingine likivunjika. Kwa njia zetu, gurudumu pungufu ya sentimita 15 litamchosha.

Mchanga una shida nyingine. Gurudumu jembamba huzama, na kila hatua ni kama kupanda kilima kidogo lililojichimbia lenyewe. Magurudumu mapana huzama kidogo. Mwenye kukaa mtaa wa mchanga ajue kwamba huenda nusu ya mwisho ya safari ikamlazimu kubeba, basi asipakie zaidi ya awezacho kubeba kwa safari mbili fupi.

Juu ya mteremko na ngazi iko kanuni moja: mzigo uwe upande wa chini daima. Ukipanda, kivute kigari nyuma yako. Ukishuka, kitangulie nawe ukizuie kwa mikono miwili, na mtoto asitembee mbele yake. Kwenye ngazi panda kinyumenyume, kidato kimoja kwa kimoja. Kituoni, kunja kigari kabla ya basi kufika, usingoje kondakta akupigie kelele; na kabla ya kukikunja hakikisha vidole haviko kwenye vyuma vinavyopishana, hasa vidole vya wadogo, ambao hupenda mno kusaidia.

Sasa liko jambo lisilo la fizikia. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, Bwana Sylvan Goldman, mwenye maduka ya vyakula, aliona kwamba wanunuzi huacha kununua kikapu kinapokuwa kizito. Akakitazama kiti cha kukunja, akapata wazo: mahali pa kuketi pawekwe kikapu, na miguuni patiwe magurudumu. Yeye na fundi wake Fred Young wakatengeneza kigari cha vikapu viwili kilichokunjika. Ajabu yake ni kwamba watu walikikataa. Wanaume waliona kitawafanya waonekane wanyonge, na wanawake vijana waliona hakipendezi. Goldman akawalipa watu, wake kwa waume, wa rika mbalimbali, wavisukume vigari dukani kama wanunuzi. Wengine wakaona, wakafuata. Mwaka 1946 Orla Watson wa Kansas City akabuni vigari viingianavyo kimoja ndani ya kingine, na maduka hayakuwa na haja tena ya kukunja. Kukunja kukabaki kwa mtu wa nyumbani, mwenye kigari kimoja na chumba kidogo.

Haya ile haikubaki Oklahoma. Tunao vijana wa Kidato cha Nne ambao watabeba mfuko wa mipira wa timu nzima kwa fahari, lakini hawatasukuma kigari chenye mchicha mbele ya wenzao. Matokeo yake yajulikana katika kila nyumba: kijana asiyetaka kuonekana hubaki nyumbani, na kilo 30 huwa za dada yake, ambaye huenda mara mbili, na saa zile mbili hazirudi kwenye daftari lake. Wazazi wakinunua kigari, wakinunue kwa nyumba nzima na waweke zamu, la sivyo watakuwa wamempa binti chombo kipya cha kufanyia kazi ile ile peke yake.

Utunzaji si mwingi. Futa mchanga kwenye ekseli, ondoa nyuzi na nywele zilizojizungusha, tia tone la mafuta ya mashine, kaza skrubu, na usikikunje kikiwa kimelowa, maana turubai huota ukungu na chuma hushika kutu. Usizidishe uzito ulioandikwa na watengenezaji. Baada ya kubeba samaki, osha mfuko siku ile ile.

Kwa wanafunzi wanaotaka kujaribu: fungeni mizani ya springi kwenye mpini wa kigari cha magurudumu manne chenye mzigo wa kilo 20, mkivute polepole kwa mwendo mmoja juu ya saruji, kisha juu ya changarawe, kisha juu ya mchanga wa uwanja wa mpira. Andikeni kani kila mara, na mrudie mara tatu kila mahali, kwa kuwa kipimo kimoja hudanganya. Halafu fanyeni hesabu hii: kigari cha magurudumu mawili kina mpini ulio sentimita 96 kutoka ekseli, na mzigo wake ni kilo 24. Bibi mwenye kukivuta asichukue zaidi ya kilo 6 mkononi. Kitovu cha uzito kisizidi sentimita ngapi kutoka ekseli, na kati ya unga kilo 10, viazi kilo 8, mchele kilo 4 na nyanya kilo 2, kipi kikae wapi?