Kaskazini bila Kupigwa: Tarangire Kwanza, Kreta Baadaye

Neno la kujihadhari nalo Arusha ni "kila kitu ndani". Kijana aliyetudaka karibu na Mnara wa Saa alilisema mara tatu kabla sijakaa kitini: gari, mafuta, dereva, viingilio, chakula, kila kitu ndani. Tulipofika lango la Loduare, Ngorongoro, ndipo ikabainika kwamba ada ya kushusha gari kreta ilikuwa nje. Hiyo hutozwa kwa gari, juu ya kiingilio cha kila kichwa. Dereva tulipomuuliza, akatazama milima.

Kwa hiyo dai karatasi, na iandikwe mstari kwa mstari: viingilio vya kila hifadhi, kodi ya ongezeko la thamani, ada ya gari, ada ya kreta, malazi. Anayekwenda Serengeti kutokea Arusha hukatiza Ngorongoro, na Ngorongoro ina mamlaka yake, haiko chini ya TANAPA. Utalipa kwenda, na ukirudi njia hiyo hiyo utalipa tena. Malangoni hawapokei fedha taslimu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni, ila awe na kitambulisho au pasipoti yenyewe. Shemeji yangu alikuwa na picha tu kwenye simu, tukabembeleza nusu saa juani. Kibali nacho kina saa zake. Zisome kabla hujaagiza chai.

Madereva wengi pia watakusimamisha kwenye maduka ya vinyago, "mkajisaidie". Choo hicho ni cha bure, na mke wangu alitoka na twiga wa mpingo wa bei ya kreti kumi za soda.

Kreta yenyewe? Nzuri, sibishi. Kilomita za mraba zipatazo 260, kina cha mita 600, na ukijaliwa utamwona faru mweusi. Lakini simba mmoja aliyelala tulimkuta amezungukwa na magari kumi na manne, redio zinakoroma, watoto wanaona matairi. Twiga wa kweli usimtafute humo, hayumo. Manyara nayo imejengewa jina na simba wapandao miti. Sikuona hata mkia. Simama Mto wa Mbu, nunua ndizi nyekundu, endelea na safari.

Fedha yako ipeleke Tarangire, kati ya Juni na Oktoba. Wakati huo nyika ya jirani imekauka na mto ndio unaobaki na maji, basi tembo huteremka familia kwa familia katikati ya mibuyu, wakichimba mchanga kwa miguu na mikonga hadi maji yachuruzike. Tulizima injini. Saa nzima hakuna aliyeomba simu, hata binti yangu wa miaka kumi na minne. Ni kilomita 120 hivi kutoka Arusha, lami mpaka Kwa Kuchinja, kisha kipande kifupi hadi langoni. Adhabu yake ni ndorobo: wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, nami nilivaa jinzi. Vaa kaki.

Na kama mfuko umetoboka, kuna Mkomazi, ambayo mawakala wa Arusha hawaitaji kwa sababu haina faida kwao. Imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, ina faru weusi ndani ya uzio na mbwa mwitu waliozalishwa humo na kurudishwa porini. Wanyama wametawanyika, huwezi kuwaona kwa wingi wa Serengeti; tuliendesha saa mbili tukakutana na gari moja, la askari wa hifadhi. Lango la Zange liko jirani kabisa na mji wa Same, unapofika kwa basi la kawaida na kutafuta gari hapo. Ukitokea Arusha, kata siti ya kushoto: utapata Kilimanjaro hadi Moshi, kisha milima ya Upare.