AFYA YA MAMA: HEDHI IKIPOTEA, PIMWA KWANZA



Je, ulipokuwa Jabe au mtaa mwingine wa Bujumbura uliambiwa una ovari zenye vifuko vingi? Ugonjwa huo upo, na una matibabu. Hedhi huchelewa au hukosekana, ndevu na chunusi huota, mimba hukawia. Lakini magonjwa mengine hufanana nao, na dawa zake ni tofauti. Yachunguzwe kwanza:

1. Mimba. Pimwa mkojo, hata kama unadhani huna.

2. Sindano ya uzazi wa mpango. Ile ya miezi 3 huweza kusimamisha hedhi, nayo huchukua miezi mingi kurudi.

3. Njaa na mashaka. Mwili uliokonda au wenye hofu kubwa huacha kukomaza mayai. Wengi waliokimbia vita wamepatwa na hali hii.

4. Tezi ya shingo. Ikilegea, mwanamke huchoka, husikia baridi, hunenepa na hedhi huharibika. Hata ovari huweza kuota vifuko. Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu: madini joto yalikuwa haba, na mihogo isiyolowekwa vizuri ilizidisha shida. Tumia chumvi yenye madini joto, na mihogo michungu iloweke siku kadhaa.

5. Maziwa kutoka bila kunyonyesha. Huweza kuletwa na dawa za akili au za kutapika, au na uvimbe mdogo chini ya ubongo. Kichwa kikiuma na macho yakififia, usikawie.

6. Vidonge vya kunenepesha. Deksametazoni inayouzwa mitaani huvimbisha uso, huleta chunusi na kuvuruga hedhi. Mwambie mganga unavitumia. Usiviache ghafla, ni hatari.

7. Ndevu nyingi na sauti nzito ndani ya miezi michache. Huenda ni uvimbe wa ovari au wa tezi zilizo juu ya figo. Nenda kituoni leo.

KUMBUKA: Andika tarehe za hedhi na majina ya dawa zote unazotumia, uende navyo kituo cha afya. Picha ya ovari peke yake haitoshi. Usikubali kuitwa tasa kabla hujapimwa, na mume naye apimwe. Msomee jirani asiyejua kusoma.